Wazee Waliochoka Kutembea

Uliza popote Uganda, Kabale au Arua, ni watu gani wasiotulia mahali pamoja. Jibu litakufikia kabla hujamaliza swali: Wakaramojong. Mtoto wa shule ya msingi analijua, dereva wa teksi analijua, na mbunge akisimama kuzungumzia bajeti ya kaskazini mashariki naye analijua. Ni wahamahamaji, basi, kama vile mamba ni wa majini.

Sasa lichukue jina lao ulifungue. Maelezo yanayojulikana zaidi, ambayo Wakaramojong wengi watakupa wenyewe, ni kwamba limetokana na ekar ngimojong: wazee wamechoka. Wamefika mwisho wa mwendo, mguu hauinuki tena. Watu ambao nchi nzima inawalaumu kwa kutotulia wamebeba jina la watu waliokaa chini wakakataa kuendelea na safari.

Kisa husimuliwa hivi. Zamani, karne tatu au zaidi zilizopita, watu wa lugha moja na ng'ombe wengi walikuwa wakishuka kutoka kaskazini, pande ambazo leo Sudan Kusini na Ethiopia zinapakana. Walipofika kwenye nyanda za Karamoja, msafara ukakatika vipande. Vijana walitaka kuendelea kuelekea magharibi na kusini, ambako waliona mawingu. Wazee wakasema hapa panatosha. Vijana wakaondoka huku wakitupa maneno nyuma: kaeni basi, wazee mliochoka. Wazee nao hawakulimeza tusi hilo hivihivi. Nendeni, wakajibu, mtakachokuta huko ni makaburi. Kaburi kwa lugha yao ni ates, na waliokwenda ndio hawa tunaowaita Wateso.

Kwa hiyo Mkaramojong anaitwa kwa tusi la Mteso, na Mteso anaitwa kwa laana ya Mkaramojong. Sijaona ugomvi wa nyumba moja uliotunzwa vizuri namna hii. Na utamu wake unategemea uko upande gani wa mto. Ukikisikiliza kisa Soroti, mji wa Wateso, wenye akili ni waliokwenda, wakakuta ardhi yenye mvua, wakalima, wakapata pamba na plau. Ukikisikiliza Kotido, huko Karamoja, wenye akili ni waliobaki na ng'ombe wao, na wale wengine walikwenda kuchimba udongo.

Kipande cha tatu kilishuka mashariki. Hapo kisa kinageuka kuwa cha mwanamke, na mimi ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Bibi mmoja aliyeitwa Nayeche alitoka kwa Wajie, ndugu wa Wakaramojong, kwenda kuokota matunda ya porini, akateremka ukingo wa bonde kuu, akaona huko kuna chakula, akabaki. Baadaye vijana waliokuwa wakimfuata dume la ng'ombe lililopotea wakazifuata nyayo zake mpaka wakamkuta yuko mzima, ameshiba. Wakarudi kuwaambia wenzao, kisha wakahama na mifugo yao. Hao ndio Waturkana wa Kenya, na kilima kinachoitwa Moru Anayeche kiko huko mpaka leo. Angalia tofauti. Kwa Wateso safari inaanza kwa matusi. Kwa Waturkana inaanza kwa bibi mwenye njaa na dume lililopotea, na hakuna aliyemtukana mwenzake. Labda ndiyo sababu Wajie na Waturkana, hata walipoibiana ng'ombe, hawakuacha kuitana ndugu.

Visa hivi navipenda, lakini siviamini sana. Vimenyooka mno. Watu hawagawanyiki kwa mkutano wa asubuhi moja. Inahama familia hii mwaka huu, nyingine inafuata baada ya ukame, mabinti wanaolewa upande wa pili, mpaka siku moja wajukuu wanakutana kisimani na lafudhi zimeachana. Ila undugu wenyewe hauna shaka. Wataalamu wa lugha wanaziweka lugha hizi katika kundi moja, la Ateker, neno ambalo kwa wenyewe lina maana ya ukoo: Wakaramojong, Wajie, Wadodoth na Wateso, Waturkana, na Watoposa na Wanyangatom walioko Sudan Kusini na Ethiopia. Huhitaji hata mtaalamu. Maji kwa Kiteso ni akipi, Moroto, mjini Karamoja, ni ngakipi. Moto ni akim kwa wote wawili.

Mimi si mmoja wao. Nimezaliwa kambini, mtoto wa polisi, na Kiswahili changu hakikutoka pwani, kilitoka kwenye paredi. Watoto wa kambi za Uganda wanajua ninachosema: baba anaongea na mama kwa lugha yao ndani, lakini ukifungua mlango wa ile nyumba ya bati ya mviringo tuliyoiita yuniporti, uwanja mzima ni Kiswahili. Tororo, kisha Soroti, kisha Moroto. Transfa ikija, lori linakuja nyuma yake, na unapanda juu ya magodoro na masufuria na kuku waliofungwa miguu. Marafiki unawaacha bila kuwaaga, kwa sababu wenyewe wako shuleni.

Pale Moroto, ndani ya uzio, watu wazima waliwazungumzia walioko nje ya uzio kama watu wasiokuwa na kwao. Nilikuwa mkubwa tayari nilipogundua kichekesho chake. Sisi ndio tuliokuwa hatuna hata mwembe mmoja tulioupanda tukala embe zake.

Kwa sababu mtu wa Karamoja ana kwao, na anaweza kukuonyesha kwa kidole. Tena ana makao ya aina mbili, na asiyejua hilo hataelewa chochote kinachoandikwa kuhusu Karamoja. Kuna ere, boma la kudumu. Uzio wake ni wa miti na miiba, na milango ni mifupi hata mgeni aingie ameinama. Ndani kuna nyumba za udongo na maghala ya mtama, nje kuna mashamba, na wanaoishi humo ni wanawake, watoto wadogo na wazee. Ere halifuati ng'ombe. Halafu kuna awi, kambi ya mifugo, ya vijana, ambayo ndiyo inayosogea. Anayemwona kijana wa awi mpakani mwa Teso, na fimbo na shuka na mbwa wake, anadhani ameona kabila zima likitembea. Mama yake yuko kulekule anapalilia mtama.

Na mwendo wenyewe una ratiba kuliko mabasi ya Kampala. Sehemu kubwa ya Karamoja hupata kati ya milimita 500 na 800 za mvua kwa mwaka, msimu mmoja tu, na mvua hiyo inabagua: kijito kimoja kinafurika, kilima cha pili ni vumbi. Mavuno yakiisha na majani yakianza kuwa meupe, ng'ombe husogezwa magharibi, kwenye maeneo yenye unyevu yanayopakana na Teso, Lango na Acholi. Mvua zikifungua, mara nyingi kuanzia Aprili, wanarudi, na maziwa yanarudi nyumbani pamoja nao. Hakuna anayeamka tu akatoka. Wazee hukaa kwenye baraza, wengine husoma matumbo ya mbuzi, na vijana hutangulizwa kuangalia majani na maji na kuzungumza na wenyeji. Mwaka 1998 serikali ilipoanzisha mpango wa elimu uitwao ABEK, masomo yalisogezwa karibu na maboma, na saa zikapangwa kuzifuata kazi za watoto machungani. Kwa hiyo kuna wakati hata wizara ilielewa kwamba hii ni ratiba.

Lugha yetu nayo haiko salama katika hili. Kuhama ni jambo la heshima. Ofisi inahama, bwana mkubwa anahama. Lirudie neno lenyewe mara mbili, hamahama, na tayari umemvua mtu akili yake. Ndivyo Kiswahili kinavyofanya na kila mwendo: tangatanga, zungukazunguka, tembeatembea. Kurudia kunaondoa sababu ya safari. Tunapomwita mfugaji mhamahamaji tumeshatoa hukumu, hata kama tunaandika ripoti ya kumtetea. Wahenga wenyewe hawakukubaliana: mtembezi hula miguu yake, walisema, halafu wakageuka wakasema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Na wengi wanaeleza kwamba hata mzungu alipata jina lake kwa kuzunguka. Tofauti ni kwamba yeye hakuwahi kupandishwa lori kwa kosa hilo.

Nasema lori kwa makusudi. Katika miaka ya 1980 Kampala ilijifunza maneno mawili ya Kiswahili ambayo haijayasahau mpaka leo: panda gari. Wanajeshi walizunguka mtaa, watu wakaamriwa kupanda, na wengine hawakuonekana tena. Ukitaka kujua kwa nini rafiki yako Mganda anakunja uso ukimsalimia kwa Kiswahili, anzia hapo, ingawa katiba ilikwisha kukifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005 na baraza la mawaziri likaamua mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima. Sheria ya uzururaji tuliirithi kwa Waingereza, na ilimruhusu askari kumkamata mtu kwa kuonekana tu hana kazi wala maelezo. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilivifuta vipengele vyake katika kifungu cha 168, kwamba vinakiuka haki za raia. Lakini akina mama wa Karamoja na watoto wao wanaonyoosha mikono kwenye mataa ya Kampala wamekuwa wakisombwa na malori vilevile, wakapelekwa Napak, huko Karamoja, na baada ya muda wengine wanaonekana tena Katwe, mtaa wa Kampala. Hao ndio wanaohama kweli, na wala hawana ng'ombe. Wameondoka kwa sababu ng'ombe wameisha.

Nilishamuuliza mzee mmoja wa Moroto kuhusu jina. Alikuwa amekaa juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho mwanamume wa kule hakiachi, akienda anakishika, akilala anakiwekea kichwa. Nilimwamkia, nikamwambia, "Mzee, nasikia jina lenu ni la wazee waliochoka."

"Nani amechoka?"

"Ndivyo wanavyosema, Mzee."

"Mimi nimetoka Rupa asubuhi kwa miguu. Wewe, mtoto wa afande, umekuja na gari." Akacheka, akamtafsiria jirani yake, wakacheka wote wawili. Halafu akaniuliza baba amezikwa wapi. Nilipomwambia alitingisha kichwa, kwa sababu ni mbali na ninapoishi, na kwa hesabu yake hilo ndilo swali la maana kuhusu kuhama.

Mipaka nayo imewahamisha watu wengi bila wao kuinuka. Hadi mwaka 1926 nchi ya Waturkana ilikuwa ndani ya Uganda, katika jimbo lililoitwa Rudolf. Mwaka huo ikahamishiwa Kenya kwa kalamu. Bibi Nayeche alikuwa ameteremka bonde kwa miguu yake. Wajukuu zake wakafanywa wageni na karani. Tangu hapo, ng'ombe wa Kiturkana akivuka kunywa maji ni suala la mambo ya nje. Wenyewe wamejaribu kulimaliza kwa njia zao. Mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko, yaani Wakaramojong wa upande wa Moroto, walifanya amani Lokiriama, upande wa Kenya, wakazika silaha, na siku hiyo inakumbukwa mpaka leo. Septemba 2019 marais wa nchi mbili wakaja Moroto kutia saini makubaliano yao. Bwawa la Kobebe limechimbwa upande wetu, na kiangazi kikikaza utawakuta hapo watu wa pande zote mbili.

Kisha Mei 2023 ikatoka amri ya rais, Nambari 3 ya mwaka huo, iliyowakutanisha Waturkana wenye bunduki na watu wengine kabisa katika karatasi moja: Balaalo. Neno hili nalo lina mambo yake. Kwa Kiganda omulaalo ni mchunga ng'ombe tu, kazi ya halali ya mtu. Likapita Buliisa katika miaka ya 2000, kwenye ugomvi wa ardhi kati ya wenyeji na wafugaji waliohamia, likafika Acholi, na njiani likageuka. Leo ukisema Balaalo Gulu au Amuru, hakuna anayemfikiria kijana mwenye fimbo. Wanafikiria mifugo mamia kwa mamia iliyoshushwa kwa malori, uzio uliobomolewa, mihogo iliyoliwa, na mwenye ng'ombe ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Wakazi wanalalamika kwamba wenye mifugo ni wakubwa, na wachungaji ni vibarua wao. Siwezi kupinga hasira ya mtu aliyekaa kambi ya wakimbizi wa ndani wakati wa vita, akarudi kwenye shamba la babu yake akakuta ng'ombe wa mtu mwingine. Lakini ona neno lilivyofanya kazi. Tajiri ana ng'ombe, kibarua ana jina.

Si kila mtu hukubali jina alilopewa. Wanyangatom wa bonde la Omo zamani waliitwa kwa maneno yenye maana ya wala tembo, jina la watu maskini wasio na ng'ombe wa kuchinja. Wakalisogeza kidogo mdomoni, sauti moja tu, likawa na maana ya bunduki za manjano, yaani bunduki mpya. Majirani wakalazimika kuitikia. Wakaramojong hawakufanya hivyo, ingawa bunduki walikuwa nazo. Mwaka 1979, jeshi la Amin lilipokimbia, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliachwa wazi na Wamatheniko wakajichotea. Kilichofuata hakina ushairi wowote: njaa ya mwaka 1980 ndani ya Karamoja, na baadaye, kuanzia mwaka 1986, uvamizi uliosafisha mazizi ya Teso kwa miaka michache. Operesheni za kunyang'anya silaha zimekuja na kurudi, ya mwaka 2021 ikiwa na jina la Kiswahili, Usalama Kwa Wote. Nami, mtoto wa paredi, nakiri jina hilo lilinifurahisha kidogo kabla sijasoma habari zenyewe.

Nayasema haya kwa sababu ukiandika kuhusu wafugaji ni rahisi kupendezwa na shuka na kigoda hadi ukasahau kuna mtu aliyeachwa bila hata ndama. Rafiki yangu mmoja ni Mteso, tulisoma pamoja Soroti. Nilipomtumia kisa cha ekar ngimojong alinijibu usiku huohuo: "Ndugu yangu, wale hawakuchoka. Wangechoka tungepona."

Siku hizi kaunti ya Turkana huandaa tamasha Lodwar liitwalo Tobong'u Lore, maana yake rudini nyumbani. Wanaalikwa wote wa Ateker: Wakaramojong, Watoposa, Wanyangatom, Wateso wa Uganda na wa Kenya. Wanacheza ngoma, viongozi wanahutubia, wazee wanabariki. Kuna kitu cha kuchekesha katika mwaliko huo, kwa sababu kwa visa vyote nilivyovieleza, Waturkana ndio walioondoka. Anayewaita wenzake warudi nyumbani ni mjukuu wa bibi aliyetoka kuokota matunda asirudi.

Rafiki yangu anataka kwenda. Amekwisha kuuliza nauli. Nimemwambia njia fupi ni kupanda Moroto, kuteremka Lokiriama, unatokea Lodwar. Hataki kuisikia. Atashuka mpaka Malaba, azunguke Kitale, alale njiani kama itabidi. Ng'ombe wa baba yake walipita njia ya Moroto mwaka 1987, anasema, na bado anawasubiri.